Bibi wa kwenye picha si bibi yangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza asali Mbagala. Asali yenyewe ni ya baba yangu mzazi, yuko Sikonge huko Tabora, amefuga nyuki tangu mimi sijazaliwa. Huiweka kwenye ndoo za lita 20, zinapanda basi, nami nazipokea stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku usiku, napakia bajaji mpaka nyumbani. Nachuja kwa kitambaa cheupe, najaza chupa za nusu kilo, nabandika lebo aliyonichapia kijana mmoja wa steshenari: "Asali Safi, Asilia, Orijino 100%." Nauza 9,000. Jirani wa kibanda cha pili anauza 6,000, na chupa yake imeizidi yangu ukubwa.

Mwaka wa kwanza nilikuwa natoa chupa kumi, kumi na moja kwa mwezi. Naposti picha ya chupa na bei, wanalaiki mashoga zangu watatu na shemeji. Baba alishaniambia niache kuhangaika na simu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye hata wanunuzi wa jumla wanaopita kijijini mwezi wa tano na hela mkononi huwakataa. Anasema masega bado hayajazibwa, atarina yakiwa tayari. Wenzake wanauza, wanaezeka, yeye anasubiri. Ndivyo alivyo.

Mzigo wa Julai ulikuja umeganda. Dada mmoja wa saluni aliyekuwa amechukua chupa sita alizirudisha zote, akazipanga mezani kwangu moja moja, akasema mbele za watu kwamba nimechanganya sukari. Nikamrudishia hela. Baba nilipomweleza alicheka tu, akasema niiweke juani. Nikaweka chupa juu ya bati, kufika saa nane ilikuwa inamiminika kama kawaida, lakini mwenye saluni alishaondoka na maneno yake yalishabaki.

Ndipo mtoto wa dada yangu, anayejua mambo ya mtandao, akaniambia, "Mama mdogo, siku hizi watu hawanunui bidhaa, wananunua stori." Akaniandikia moja: kwamba bibi yangu aliishi miaka 104, hakuwahi kulazwa, alikuwa akilamba kijiko kimoja cha asali hii kila alfajiri, kisukari kikamkimbia, na usiku wa kufa kwake alinishika mkono akaninong'oneza siri ya kuichuja. Akaweka na picha ya bibi mmoja mwenye mvi nzuri, kaitoa mtandaoni sijui wapi. Shangazi, watu walilia. Wiki moja nikauza chupa 43.

Bibi yangu mzaa baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Alikuwa anauza karanga. Asali wala hakuipenda, alisema inamkereketa koo.

Sasa yamenifika mawili. Mteja mmoja kaniandikia kwamba mama yake ana kisukari, je, anywe kijiko kimoja kama bibi au viwili? Leo siku ya nne sijamjibu. Na baba kaonyeshwa ile posti na jirani yake. Alinipigia, hakunisalimia, akauliza, "Huyo mama ni nani?" Nikajieleza. Akanyamaza muda, kisha akasema, "Mama yangu umemzika mara ya pili, na kwa sura ya mtu mwingine." Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Nifanyeje? Nikifuta, wale wa chupa 43 watanionaje? Na nikitaka kusema kweli, hiyo kweli nitaitoa wapi? Sisi maisha yetu ni ya kawaida, hatuna stori.

Muuza Asali, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Umetaja Sikonge, basi nitangulize hili: mimi ni Mzaramo. Kama wewe ni Mnyamwezi, na nahisi ndiyo, sisi ni watani tangu enzi babu zenu wanashuka pwani na misafara, mizigo mabegani, wamechoka, wakakuta babu zangu wamekaa chini ya mnazi wanawacheka. Kwa hiyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kabla hujaendelea kusoma, chukua simu umjibu yule mteja mwenye mama. Usitunge. Mwandikie hivi: "Nisamehe kuchelewa. Habari ya bibi na kisukari haikuwa ya kweli. Asali ni sukari, inapandisha sukari mwilini. Mama asiache dawa zake, na asitumie asali bila kumuuliza daktari wake. Ukitaka kurudisha chupa, hela yako ipo." Tuma, ndipo urudi hapa. Siku nne ni nyingi kwa mtu anayesubiri kijiko.

Umetuma? Haya.

Tulipokuwa wadogo, bibi yangu alikuwa hasimulii mpaka tumwitikie. Anasema, "Hadithi! Hadithi!" Nasi, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Sikiliza vizuri tulichokuwa tunakisema. Uongo unaitwa kwa jina lake, unapita mlango wa mbele, na kila aliyekaa kwenye ule mkeka kaupokea kwa mdomo wake mwenyewe. Sungura akimzunguka fisi hakuna anayedai nauli yake. Wateja wako hawakuitikia chochote, mwanangu. Walidhani wanasoma habari za mama wa mtu. Ndiyo maana wakalia, ndiyo maana huyu mmoja akauliza vijiko.

Sikukemei kama mtakatifu. Nimeuza kanga Kariakoo miaka mingi, na kanga ni shule ya haya mambo kuliko semina zote mnazoalikwa. Unaweza kuwa na doti mbili, pamba ile ile, rangi zile zile, moja inaondoka asubuhi na nyingine inakaa mpaka inapauka kwa jua. Tofauti ni jina. Mwanamke haji kuniuliza nyekundu. Anakuja kuniuliza "Usisafirie nyota ya mwenzio," maana anajua atakayeipita mlangoni kwake akiwa kaivaa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuisoma ile sentensi kwa sauti, taratibu, na kumwacha yeye ajaze jina la jirani yake.

Basi siku moja soko limelala, kaja mama mmoja mtu mzima, nikamwambia doti ninayomwonyesha imetoka Mombasa, Mali ya Abdulla. Unaijua hiyo, ndiyo kanga ya akina Kaderdina Hajee Essak, wapo Mombasa tangu 1887, na bibi zetu walikuwa wakiipokea kama dhahabu. Yule mama hakubishana. Alivaa miwani, akakunjua kanga mpaka ukingoni, pale mtengenezaji anapochapa jina lake kwa herufi ndogo, akasoma. Akasoma kwa sauti, herufi moja moja, wateja wangu wengine watatu wakisikiliza. Halafu akaikunja vizuri kuliko alivyoikuta, akanirudishia, akaniambia, "Ahsante, mwanangu." Mpaka leo lile "ahsante" nalisikia masikioni. Kanga ilikuwa nzuri, ningeisemea uzuri wake ingeuzika.

Kwa hiyo ile posti inatoka. Ila usiifute kimya kimya kama mtu aliyevunja sahani. Andika pale pale, wale wale waone: kwamba picha si ya bibi yako, habari ya miaka 104 na ya kisukari si kweli, ulikosea, asali ni ya baba yako na ni nzuri, na aliyenunua kwa ajili ya ile habari arudishe chupa apewe hela. Sentensi nne, tano. Usimtaje huyo mtoto wa dada yako, kibanda ni chako. Tenga hela ya chupa kumi pembeni usiziguse mwezi mzima. Watakaorudisha watarudisha, na wengine watakusema, utasemwa wiki moja. Na ile picha: yule ni bibi wa watu, ana wajukuu mahali fulani. Hata angekuwa haonwi na mtu, sura yake haikuwa yako kuiuzia.

Tuje kwa baba na methali yake. Chema chajiuza, sawa, na simpingi mzee. Lakini methali ile inaishi mahali ambapo mnunuzi anamjua muuzaji, anamjua na mama yake. Kule kwao asali ya baba yako inajiuza kwa sababu kuna watu wanaisemea bila kulipwa: "Yule mzee hata umpe hela mwezi wa tano, masega mabichi hauzi." Hiyo ni hadithi tayari, inatembea kwa miguu ya majirani. Ndoo ikishapanda basi, majirani wanabaki. Inashuka Mbezi usiku haina hata mtu mmoja wa kuidhamini, inawekwa mezani karibu na chupa ya 6,000, halafu unaibandika "Safi, Asilia, Orijino." Mwanangu, hata anayechemsha sukari guru anaandika hivyo hivyo, tena kwa herufi kubwa kukuzidi. Neno ambalo kila mtu anaweza kulisema halimtambulishi mtu yeyote. Kusimulia kwako ni kufanya kazi ya wale majirani. Ndiyo tofauti yake na kujitembeza: anayejitembeza anajisifu, jirani anasema alichokiona.

Na sasa ulichoniudhi hasa: eti hamna stori. Umeniandikia barua ya ukurasa mmoja imejaa stori, ukaziweka pembeni kama maganda ili unionyeshe ile ya uongo.

Mzee anakataa hela mwezi wa tano. Wewe umepita hapo kwa mstari mmoja, "ndivyo alivyo." Mimi nilisimama nikarudia kusoma. Mteja wa Mbagala hajui kwa nini masega yanasubiriwa. Mweleze. Nyuki akileta maji ya maua, huwa ni mepesi, anayapepea kwa mbawa mpaka yanakauka yanakuwa mazito, na yakifika anapotaka, anaziba kile kitundu kwa nta. Kuziba ndiyo muhuri wake, kwamba hii tayari. Anayerina kabla ya muhuri anapata ujazo mwingi na hela ya haraka, lakini asali hiyo ina maji, inakuja kuchacha, inatoa povu na harufu ya pombe ikiwa kabatini kwa mteja. Kwa hiyo ile 3,000 unayomzidi jirani ni bei ya wiki ambazo baba yako alikaa bila hela huku wenzake wanaezeka. Hakuna mtu atakayekuuliza punguzo akishaijua hiyo. Haya, wapo watakaouliza, Mbagala ni Mbagala, lakini utakuwa na cha kuwajibu.

Ya pili ni dada wa saluni. Hiyo ndiyo ningeanza nayo, kwa sababu ina ugomvi, na watu wanapenda ugomvi. Tena ugomvi huo wanao wote: kila nyumba Dar es Salaam kuna chupa ya asali iliyoganda na mtu anayeapa ni sukari. Ningeiandika hivi, kwa sauti yako:

"Julai dada mmoja alinirudishia chupa sita. Alizipanga mezani moja moja, watu wanaangalia. Zilikuwa zimeganda, chini nyeupe kama samli. Akasema nimeweka sukari. Nilimrudishia hela, sikubisha, maana hata mimi sikujua. Nikampigia baba yangu Sikonge, yeye ndiye mwenye nyuki. Akacheka, akasema iweke juani. Nikaiweka juu ya bati. Saa nane mchana ilikuwa inamiminika. Dada, kama unasoma hapa, chupa zako bado ninazo. Njoo uone, hununui kitu. Nusu kilo 9,000, nipo Mbagala, natuma popote Dar."

Ona nilichofanya. Hakuna "bora," hakuna "asilia." Kuna chupa sita, bati na saa nane. Aibu yako imo, sikuificha, kwa sababu ndiyo inayomfanya msomaji akuamini kwenye bei. Jina la dada halimo wala la saluni, na usije ukalitaja hata wakikuuliza. Bei na namna ya kuipata viko mwishoni, vifupi, lakini vipo. Nimeona watu wanasimulia mpaka machozi halafu hawasemi wanapatikana wapi.

Hapo uwe makini na jambo moja. Asali huganda kwa sababu ya aina ya sukari iliyo ndani yake kwa asili: kuna glukosi na fruktosi, na ile yenye glukosi nyingi huganda upesi, hasa kwenye baridi. Maua ya msitu huu yanatoa ya kuganda, ya msitu ule inakaa miezi inatiririka. Kwa hiyo usije ukaanza kutamba kwamba isiyoganda ni feki ili umchome jirani. Utakuwa umetoka kwenye uongo mmoja umeingia mwingine. Na mteja asiyetaka jua, mwambie aizamishe chupa kwenye maji ya vuguvugu, asiichemshe jikoni.

La chupa kubwa halina stori ndefu, lina mizani. Asali ni nzito, lita moja inakaribia kilo moja na nusu. Nusu kilo yako ni kama theluthi ya lita, ndiyo maana ikikaa karibu na chupa ya maji inaonekana imekonda. Weka mizani ndogo mezani, basi, mteja apime mwenyewe.

Ya tatu ni bibi. Bibi yako wa kweli aliuza karanga na asali ilimkereketa koo, na mwanawe akaenda kuwa mfuga nyuki! Mimi nilicheka peke yangu hapa kibarazani. Huyo ndiye ningependa kumsoma kuliko yule wa miaka 104, maana bibi wa 104 kila muuza dawa ya mizizi anaye. Lakini huyu si wako peke yako. Ni mama wa baba yako. Baba akisema hapana, hapana hiyo inakaa.

Magonjwa usiyaguse tena, si kisukari tu, hata vidonda vya tumbo, hata nguvu za kiume ambazo najua kijana alishazifikiria. Wewe unauza chakula. Na kwenye lebo mpya, pale palipokuwa na "Orijino," andika kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi. Huku kwetu bado kuna wanaomlambisha mtoto siku anayozaliwa. Andika pia mwezi wa kurina na Sikonge, lakini usitaje msitu wala njia ya kufikia mizinga, wala usirushe video inayoonyesha mti. Mizinga huibwa.

Kuhusu kijana, usimfukuze. Aliyewaliza watu kwa bibi wa kuazima ana mkono, kosa lake ni kwamba hakupewa kitu cha kweli cha kushika. Akapande basi msimu wa kurina, akae na babu yake wiki nzima, asitunge hata neno, arekodi tu. Anachopaswa kurudi nacho ni maneno ya mzee kama alivyoyasema. Na mkianza kutumia sauti ya mzee, mzee apate chake, kwenye kila ndoo au kwa mwezi, mtapatana. Sauti nayo ni mzigo.

Usiposti kila siku. Mwaka wa nyuki una nafasi zake: mvua, maua, kusubiri, kurina, na siku ndoo zinapokwisha. Hiyo ya mwisho usiione aibu, andika tu imekwisha mpaka msimu ujao, weka majina ya wanaosubiri. Nunua daftari, kila anayenunua muulize kasikia wapi, andika. Baada ya miezi mitatu utajua mwenyewe kama ni stori ya bati iliyouza au ni shoga yako mmoja mwenye mdomo mzuri. Mimi kwenye kanga niligundua nusu ya wateja wangu walikuwa wanaletwa na mama mmoja muuza vitumbua, na sikuwahi hata kumpa doti.

Limebaki la baba, nililichelewesha makusudi kwa sababu ndilo gumu. Kumpigia simu hakutoshi, na yeye keshakuonyesha. Nenda. Nauli ya Tabora na ikutoke kwenye zile chupa 43. Ukifika usianze na mauzo, anza na mama yake, umwombe akusimulie alikuwa mtu wa namna gani, halafu unyamaze. Kama unaogopa kwenda mikono mitupu, tanguliza mtu wa kukuombea, na kwa jambo kama hili hapatumwi ndugu, ndugu ataongeza hasira. Anatumwa mtani. Kama huna Mzaramo wa karibu, nipe namba ya mzee. Nitamwanzia kwa kuwasema Wanyamwezi wote tangu enzi za misafara mpaka yeye mwenyewe na nyuki wake, atanijibu, tutatukanana kama robo saa hivi, na akishacheka nitamwambia kuna mtoto wake yuko stendi anatafuta bodaboda ya kumfikisha nyumbani.